Bango la supu linalosomeka kutoka dirisha la daladala

Kabla hujagusa kompyuta, nenda kasimame mahali bango litakapotundikwa, kisha vuka barabara uliangalie eneo kutoka upande wa pili. Hesabu hatua unapovuka. Mimi nachora na kuchapisha Kariakoo, lakini wateja wangu wengi wako Mbagala, Temeke na Gongo la Mboto, na vipimo vyangu vyote huanzia barabarani kwao. Msomaji wa bango hajakaa kitini na kikombe cha chai. Yuko dirishani, konda anamdai nauli, na ukuta wako unampita.

Nichukue kazi moja tu niifuate hadi mwisho: mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu, supu na chapati asubuhi, wali mchana, bango la mita 2 kwa mita 1. Alikuja na karatasi iliyojaa mbele na nyuma. Jina la mgahawa, sala fupi, "karibuni wateja wetu wote", vyakula vyote mpaka juisi ya ukwaju, picha yake amevaa kitenge, na namba tatu za simu.

"Mama, hii namba ya tatu nani anaipokea?"

"Hiyo ya baba watoto. Hata hapokei, mwanangu."

Tukaifuta. Hapo ndipo kazi ya kusanifu inapoanzia, kwenye kufuta. Muulize mteja: mpita njia akikumbuka kitu kimoja tu, unataka akumbuke nini? Usimsaidie kujibu, na usikubali akupe majibu mawili. Yeye alisema supu. Basi supu, pamoja na chapati inayoliwa nayo, ndiyo itakuwa kubwa, na vingine vyote vitajipanga chini yake kama wadogo zake. Jina la mgahawa wateja wake wanalijua tayari, na yule ambaye bado si mteja anatafuta chakula, hatafuti jina.

Sasa vipimo. Kanuni ya zamani ya wachora mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinadai herufi yenye urefu wa kama sentimita 2.5. Ni kipimo cha kusoma kwa raha. Mwenye macho makali anaweza kusoma ndogo zaidi, lakini usimtungie bango yeye. Pale kwa mama, kutoka ukutani hadi kwenye kituo ni mita 12, kwa hiyo chochote anachotakiwa kukisoma mtu wa kituoni hakiwezi kupungua sentimita 10. Bango lina urefu wa sentimita 100 kwenda juu. Nikagawa hivi: 10 tupu juu na 10 tupu chini, neno SUPU 22, nafasi 6, neno CHAPATI 22, nafasi 10, mstari wa "Kuanzia saa 12 asubuhi" 10, nafasi 5, namba ya simu 5. Jumla 100. Simu nimeipa 5 tu kwa sababu anayepiga ni yule aliyekwisha kusogea karibu, anataka kuagiza chakula cha shughuli. Tarakimu zake 10 zigawe nne, tatu, tatu. Zikiungana msomaji hupotea katikati.

Angalia nilivyotumia majina matupu. Vitenzi vyetu ni mizigo. "Tunawatengenezea" ina herufi 16, na kwenye upana wa sentimita 180 unaobaki ukitoa pambizo, kwa herufi nene haiwezi kuzidi urefu wa sentimita 15 hivi. SUPU haina shida hiyo. Ndiyo maana violezo vya kupakua kwenye intaneti huharibika ukivijaza Kiswahili: vimepimwa kwa maneno mafupi, ukiweka yetu unalazimika kubana herufi mpaka zinagandana. FUNDI FRIJI inatosha. TUNATENGENEZA FRIJI ZA AINA ZOTE acha mwenyewe aiseme kwa mdomo.

Nafasi tupu ndiyo inayoleta ugomvi. Mteja amelipia kwa mita, kwa hiyo anaona kila sentimita isiyo na maandishi ni hela iliyomwagika. Huwa simpi nadharia, namwonyesha kanga. Pindo limezunguka, mji uko katikati na ua lake moja au umbo lake moja kubwa, jina limekaa chini kwenye kisanduku chake, halijachanganywa na maua. Unalisoma kwa mwanamke anayetembea. Mwanamke gani wa Pwani hajui kuisoma kanga? Mama aliitazama aliyojifunga, akatazama karatasi yake, akasema ondoa juisi.

Anzisha mistari yote upande wa kushoto, sehemu moja. Ukiweka kila kitu katikati, kila mstari unaanza mahali pake na jicho linahangaika kutafuta mwanzo. Kadi ya harusi inaweza kuvumilia hilo, barabara haivumilii. Na vinavyohusiana vikae pamoja: saa karibu na chakula, siyo kwenye kona ya mbali.

Rangi inataka utembee tena. Kila mtu anakuambia nyekundu inavuta macho, na ni kweli, mpaka ufike kwenye mtaa wenyewe. Kibanda cha Vodacom chekundu, cha Airtel chekundu, ubao wa Coca-Cola mwekundu juu ya duka la jirani. Bango jekundu hapo linajificha. Piga picha ya mtaa mzima kwa simu, tafuta rangi ambayo haipo, anzia hapo. Sisi tulichukua njano. Lakini njano ukiipa kijani umeshamtangazia Yanga, au CCM, na mama ana wateja wa Simba wanaokula supu kila siku. Tukaandika kwa nyeusi. Nyeusi juu ya njano husomeka mbali sana, mchana na jioni. Nyekundu juu ya buluu usiguse: rangi hizo mbili zikigusana herufi huonekana zinatetemeka.

Ukitaka kujua kama rangi zako zinaachana vya kutosha, geuza mchoro uwe mweusi na mweupe kwenye simu. Herufi zikimezwa na mandhari, tatizo ni mwanga na kiza, hata kama rangi zenyewe zinapendeza. Kisha upunguze mchoro mpaka uwe na ukubwa wa stempu ya posta, au finya macho uutazame. Kinachobaki kuonekana ndicho ulichokifanya kikubwa. Kama ni picha ya mama na siyo supu, rudi mezani.

Herufi: aina moja, nene, isiyo na mikia wala madoido. Mbili zikizidi sana. Kivuli, mwako na muhtasari wa dhahabu ni kelele tu, kama vipaza sauti vya harusini.

Picha iwe moja, na iwe ya supu yake. Nakataa kabisa bakuli la kupakua lenye majani ambayo Rangi Tatu hayajawahi kuonekana. Mteja akifika akakuta kingine, umemfanya mama aonekane mwongo. Tuliipiga asubuhi chini ya turubai, pembeni, mwanga ukitokea ubavuni, siyo jua la saa saba linalofanya mafuta yang'ae meupe. Bakuli likajaza fremu, chapati ikachungulia. Pale kulia kwa CHAPATI palibaki kama sentimita 60, ikaenea. Ukiamua kuweka mtu, hakikisha anatazama kuelekea kwenye maandishi. Macho yake yakielekea nje ya bango, yetu yanamfuata huko huko.

Kuchapisha. Kioo cha kompyuta huwaka, mashine hupuliza wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Ile kijani inayowaka kwenye skrini haitatoka hivyo, kwa hiyo badilisha faili liwe la rangi hizo nne wewe mwenyewe, uone hasara mapema. Picha ya simu ya megapikseli 12 inatosha kwa nafasi ile, ila ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa. Itume kama dokumenti. Mpelekee mchapaji PDF, herufi zimegeuzwa kuwa maumbo, la sivyo kompyuta yake itakuchagulia fonti yake. Omba kipande kidogo cha majaribio, hata cha upana wa kiganja, ukitazame nje juani na siyo chini ya taa ya ofisini kwake. Pembeni acha pindo la kuingiza matundu ya kamba. Maandishi yasifike huko.

Bei usiichapishe. Weka ubao wa chaki chini ya bango, maana unga hupanda bila kumuuliza mchora mabango.

Litundike likaze, kidogo juu ya vichwa vya watu waliosimama kituoni, mbali na tawi la mwembe litakalokua. Jua la Dar hula waridi na njano kwanza, kwa hiyo picha itaanza kuegemea kwenye buluu, supu iwe kama maji ya nguo. Ikifika hapo lishushe uchapishe jingine. Faili unalo, ila pitia kwanza kama namba ya simu bado ni ile ile.