Kabla Hujalipia Ada ya Kozi ya Tiba ya Maji kwa Mbwa: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Arusha au Moshi

Nafanya kazi ya tiba ya maji kwa mbwa, yaani mazoezi ya majini ya kumrudishia nguvu mbwa aliyeumia au kufanyiwa upasuaji, na vijana hunipigia simu kuuliza kozi yake inasomewa wapi na ada ni shilingi ngapi. Wengi wameona video: mbwa kavaa jaketi la kuokolea, anaogelea polepole, mwenyewe amesimama ukingoni machozi yakimlengalenga. Hata mimi video ya namna hiyo ndiyo iliyonivuta. Ila video inaanzia majini, na kazi hii huanzia nchi kavu. Nusu yake ni kujua mbwa yupi asiingie majini leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza halihusu bwawa. Tafuta kliniki ya wanyama iliyo karibu nawe, omba kujitolea miezi mitatu, na uchukue kazi ambayo wengi hawaitaki: kumshika mbwa wakati daktari anapima. Hapo ndipo macho yanapofunguka. Utajifunza kwamba mbwa mwenye maumivu mguu wa mbele hunyanyua kichwa pale mguu ule unapokanyaga, na mwenye maumivu nyuma hupandisha nyonga ya upande unaouma. Utajifunza kubonyeza ufizi kwa kidole na kuona rangi ya waridi ikirudi ndani ya sekunde mbili. Utahesabu pumzi za mbwa aliyelala, ambazo kwa kawaida ni kati ya 10 na 30 kwa dakika. Utapima paja kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale kila wiki, maana sentimita moja ya msuli iliyoongezeka inasema kweli kuliko maneno ya mwenye mbwa, na kuliko matumaini yako.

Naeleza kwa nini nasisitiza. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja na Labrador wake mnene, umri wa miaka tisa, bila barua ya daktari. Nilimwamkia, tukaongea, nikamwambia bila barua siwezi. Akanisihi: “Mwanangu, ni unene tu huu. Mchezeshe majini apungue.” Nikaona vibaya kumrudisha mtu mzima. Dakika ya tatu mkia wa yule mbwa, uliokuwa ukielea vizuri, ukazama. Nilipofunua mdomo fizi zilikuwa zimeacha uwaridi, zimekuwa kijivu kinachoelekea buluu. Tulimtoa, tukamlaza kwa ubavu, nikabaki nimemwekea mkono kifuani mpaka rangi iliporudi. Kesho yake daktari alimsikiliza akagundua moyo ulikuwa na hitilafu ya muda mrefu. Mbwa alipona, lakini mimi ile rangi bado naiona. Tangu siku hiyo barua inatangulia, hata akija mkwe wangu.

Orodha ya wasioingia majini iweke kichwani kabla ya kujifunza jinsi ya kuwaingiza: mwenye homa, anayeharisha, mwenye kidonda kibichi au nyuzi ambazo hazijatolewa, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye moyo ulioshindwa kazi, jike lililo kwenye joto (linalotaka dume), na aliyekula muda si mrefu.

Barua ya daktari si adabu ya kazi tu, ina sheria nyuma yake. Uingereza, ambako fani hii imekua sana, sheria ya madaktari wa mifugo ni ya mwaka 1966, na msamaha uliotolewa mwaka 2015 unamruhusu asiye daktari kumfanyia mnyama tiba ya viungo pale tu daktari wa mifugo anapokuwa amemwelekeza. Kwetu kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Baraza la Veterinari ndilo linalosajili madaktari na kuorodhesha wataalamu wasaidizi. Usijiite usichosajiliwa. Kuna mama wa Njiro ambaye kila akifika huniita “daktari”, na kila mara namjibu, “Mama, mimi si daktari. Daktari ni yule aliyekuandikia barua.” Anacheka, lakini wiki hadi wiki amezoea kumpigia daktari kwanza mbwa wake akichechemea, na hilo ndilo nililolitaka.

Sasa masomo. Kwa aliye Arusha, mlango wa karibu ni kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, pale Tengeru, ambako unasomea afya ya wanyama na uzalishaji kwa ngazi ya cheti na diploma. Anayetaka udaktari kamili anakwenda Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, miaka mitano. Ushauri wangu ni kupitia mojawapo ya milango hiyo kwanza, hata kama una haraka. Sababu ni ya vitendo kabisa. Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kina cheti cha urekebishaji viungo vya mbwa kinachoheshimika, lakini hakimpokei kila mtu: hulenga madaktari wa mifugo, wauguzi wa wanyama na wataalamu wa tiba ya viungo. Uingereza kuna vyeti vya tiba ya maji kwa wanyama wadogo vya ngazi ya tatu, ambavyo havidai shahada. Nadharia unaweza kuisomea kwa intaneti ukiwa Sakina au Soweto ya Moshi, ila saa za vitendo lazima uwe ndani ya maji na mbwa, mkufunzi akikutazama. Ukipiga hesabu ya ada weka na nauli, viza, malazi na mavazi ya baridi. Wengi wamekwama hapo, nadharia imekwisha na vitendo havijaanza.

Na kama uko Moshi, usipuuze kilicho jirani. Hospitali ya KCMC wanafundisha tiba ya viungo kwa binadamu miaka mingi. Goti la mbwa si goti la mtu, lakini namna mtaalamu anavyomsubiri mgonjwa aliyechoka, anavyomwongezea mzigo kidogo kidogo, hiyo ni elimu ileile.

Maji yenyewe yanafanyaje kazi? Hapa ndipo penye utamu wa fani hii, na ni vizuri uelewe kabla ya kufika darasani. Maji hubeba. Vipimo vilivyofanywa kwa mbwa vinaonyesha kwamba maji yakifika kwenye kifundo cha nyuma mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, asilimia 85. Yakifika nyongani, asilimia 38 tu. Mbwa wa kilo 30 aliyezama hadi nyonga, miguu yake inabeba kilo 11 hivi. Ukipandisha maji kutoka gotini hadi nyongani umempunguzia zaidi ya nusu ya mzigo, bila dawa yoyote. Ndiyo maana tredmili ya majini, mashine yenye mkanda unaozunguka ambao mbwa anatembea juu yake ndani ya maji, ina thamani: unachagua kina, unachagua mwendo, na mbwa anatembea kama anavyotembea barabarani. Kuogelea ni jambo jingine. Mbwa anayeogelea husukuma zaidi kwa miguu ya mbele, na wengine huiacha ya nyuma ielee tu. Ukimtupa bwawani mbwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti ukidhani anafanya mazoezi ya goti, huenda unajenga mabega tu.

Nilimpokea German Shepherd aliyekatika ligamenti ya goti (ukano unaoshikanisha mifupa), amepasuliwa, nyuzi zimetolewa. Mara ya kwanza alinikumbatia bega kwa makucha kama mtoto anayeogopa kisima. Mkono wangu mmoja ulikuwa chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia. Mguu mbovu ulining'inia, vidole vimejikunja, hausemi kitu. Nikagusa katikati ya vidole kwa ncha ya kidole changu. Hakuna. Nikagusa tena. Mguu ukajivuta, ukapiga teke moja dogo, maji yakanirukia usoni. Nusu dakika, tukapumzika. Nusu dakika nyingine, tukatoka. Siku ya kwanza inatosha hiyo. Wenye mbwa hulalamika kwamba wamelipia dakika chache, na lazima ujifunze kuwaeleza kwa upole bila kuongeza hata moja.

Kuhusu joto la maji, usidanganywe na jua la mchana. Maji ya tiba huwekwa kati ya nyuzi 28 na 32 za sentigredi. Yakiwa baridi misuli ya mbwa mwenye yabisi ya viungo hukaza. Yakizidi sana anapata joto mwilini, kwa sababu mbwa hatoki jasho kama sisi, hutegemea kuhema. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba kila mtu anajua maji ya bomba yakoje alfajiri. Bwawa dogo la lita 12,000 ukilipandisha kutoka nyuzi 18 hadi 30 linakula umeme wa uniti zipatazo 167, kwa mara moja tu, kabla halijaanza kupoa usiku. Fikiria paneli za jua na turubai la kufunika kabla ya kufikiria vigae vya kupendeza. Moshi, iliyo chini zaidi, inakupunguzia mzigo kidogo.

Maji ya visima vya upande wa Meru yana floridi na magadi, na maji yenye magadi hupandisha pH, kipimo cha asidi na alkali majini. pH ikipanda klorini hupoteza nguvu, nawe unabaki ukiongeza dawa bila kupata usafi. Lenga 7.2 hadi 7.6, na upime kila siku zaidi ya mara moja, kwa kuwa manyoya, mate na uchafu wa mbwa hula klorini upesi kuliko waogeleaji binadamu. Harufu kali ya klorini, tofauti na wanavyodhani wengi, mara nyingi ni dalili kwamba uchafu umeizidi dawa. Wapo wanaoniuliza kwa nini tusiende chemchemi ya Chemka, yenye maji ya vuguvugu. Chemka ni pazuri kwa kuogelea na familia, ila huwezi kuchagua kina wala kuwatoa watu, na mto wowote wa maji yaendayo polepole huku tambarare nauhofia kwa ajili ya kichocho.

Mwili wako nao uandae. Jifunze kuogelea vizuri, maana mbwa akishtuka hukupanda. Chanja kichaa cha mbwa mapema, usisubiri kung'atwa, na usimpokee mbwa asiye na kadi ya chanjo. Ukiwa na mchubuko mkononi usiingie majini: homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi tuliisikia kwa jina hilo mwaka 2022 ilipozuka Lindi, huenezwa na mkojo wa wanyama kupitia maji, na utafiti uliofanywa Moshi umeikuta kwa wagonjwa wa homa. Linda na mgongo. Tumia ngazi ya mteremko, usimnyanyue mbwa wa kilo 40 peke yako.

Halafu kuna nyumbani. Nimelelewa Majengo, Moshi, katika nyumba ya Kiislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kabla ya kuanza nilimwendea ustadhi wangu nikamweleza kazi yote bila kuficha. Tuliongea jioni nzima. Nilitoka na utaratibu ninaoufuata mpaka leo: nguo za kazini hazifiki nyumbani, naoga kulekule, na viatu vina kabati lake. Mama yangu ameridhika, nami nasali nikiwa na moyo mtulivu. Zungumza na watu wako mapema, kwa namna ya imani na nyumba yenu. Kuficha kutakuchosha kuliko kazi.

Wateja wapo, ila si kila geti lenye mbwa ni mteja. Kuna wafugaji wa majumbani, kuna kampuni za ulinzi, na kuna mbwa wa kunusa pembe za ndovu ambao shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation limewafundisha hapa Usa River. Mbwa wa kazi akiumia nyonga, miaka ya mafunzo inasimama, na anayemmiliki anajua gharama hiyo.

Ukikipata chuo, waulize saa ngapi ni za vitendo, nani anasaini, na mbwa wenye magonjwa ya kweli wangapi utawashika. Wakijibu kwa kuzungusha, ahirisha malipo. Wakati unasubiri, rudi kliniki na daftari. Andika mbwa kumi: wanavyotembea, fizi, pumzi, paja, na kama ungewaingiza majini au la. Mpe daktari aandike yake bila kuona yako. Siku majibu yenu ya “aingie” na “asiingie” yatakapolingana kwa mbwa wote kumi, tuma fomu.