Data ikiizidi laptop: kukodi seva ya wingu ukiwa Mbeya

Kazi yangu ni kupima ukubwa wa mashamba ya mpunga Usangu kwa picha za satelaiti za Sentinel-2. Naifanya nikiwa Mbeya, kwa laptop yenye RAM ya GB 8. Laptop naandikia skripti tu, yaani orodha ya maagizo ya kompyuta. Hesabu nzito zinafanywa na seva ya wingu, yaani kompyuta iliyo mbali ninayoikodi kupitia intaneti.

Wanafunzi wanaokuja kwangu huuliza kwanza wakodi mashine gani. Mimi huwauliza data yao inakaa wapi. Sentinel-2 hupita juu ya Usangu kila baada ya siku 5, na kipande kimoja cha picha hufika mamia ya MB. Kushusha msimu mzima kwa bando ni kujitesa bure, kwa sababu picha hizo tayari zimewekwa wazi kwenye AWS, wingu la kampuni ya Amazon, kituo cha Oregon, Marekani. Kwa hiyo seva naikodi Oregon, ingawa kituo chao cha Cape Town ni karibu zaidi nasi. Ikiwa jirani na data, inasoma sehemu ya Mbarali tu, wilaya yenye mashamba hayo ya Usangu, na kuacha picha iliyobaki. Kinachonifikia Mbeya ni ramani iliyokamilika, MB chache. Hilo linapunguza pia bili: kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida hulipii, kuitoa ndiko hulipiwa kwa kila GB.

Ikiwa data yako si picha bali ni taarifa za wagonjwa, hiyo ina njia yake. Pata kibali cha maadili kwanza, na usome Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyosema kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi.

Kabla hujawasha chochote, weka tahadhari ya bajeti kwenye akaunti. Nasisitiza hapa: tahadhari hiyo inakutumia barua pepe, haizimi mashine. Mashine izime wewe, kwa kuandika `sudo shutdown -h now` mwishoni mwa skripti. Hata ikizimwa, diski yake inaendelea kulipiwa mpaka uifute.

Skripti iendeshe ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata ukikatika. Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, seva inaendelea na kazi, nawe utaikuta ilipofika.

Ukishazoea, kodi mashine za spot, yaani zile za ziada ambazo AWS haizitumii kwa wakati huo. Bei yake inaweza kupungua kwa hadi asilimia 90, ila AWS inaweza kukunyang'anya mashine kwa taarifa ya dakika 2. Basi skripti ihifadhi jibu la kila picha papo hapo, na ikianza upya iruke zilizokwisha. Mimi sikodi spot mpaka nione skripti inaweza hilo.

Kwenye andiko la kuomba fedha, usikisie. Endesha picha moja, angalia imechukua muda gani, zidisha kwa idadi ya picha na bei ya saa, ongeza diski. Andika kiasi hicho kwa dola, maana bili inakuja kwa dola.