Kuweka skrinseva ya fataki ya Skyrocket kwenye kompyuta ya mezani na kuiseti ikae sawa

Kwenye steshenari yangu hapa Morogoro nina kompyuta za mezani tano, na mteja akikaa kusubiri kazi yake itoke kwenye printa macho yote yanaenda kwenye ile ya pembeni ambayo haina mtu, sababu inarusha fataki. Anga la usiku, nyota, mwezi, mawingu, afu roketi inapanda inaacha moshi nyuma yake, inapasuka, na ukikaza macho utaona ule moshi wa roketi iliyotangulia bado uko pale juu unasukumwa na upepo taratibu, fataki inayofuata ikipasuka nao unashika rangi, ya kijani ikipasuka moshi unakuwa wa kijani kwa sekunde moja hivi kisha giza linarudi. Watu wananiuliza hiyo video nimeitoa wapi. Sio video jamani, ni skrinseva, yaani programu inayojitokeza kwenye skrini kompyuta ikikaa bila kuguswa, inaitwa Skyrocket, ni ya bure kabisa na kompyuta ndo inachora kila roketi yenyewe palepale.

Aliyeitengeneza ni Terry Welsh, iko kwenye mkusanyiko wake unaoitwa Really Slick Screensavers, humo kuna zingine kibao, Lattice ambayo unakuwa kama unapita katikati ya pete zilizoshikana zisizoisha, Flocks ni makundi ya vidudu vinafuata viongozi wao, Fieldlines, Plasma, Helios, Hyperspace na kadhalika. Zote bure na hata msimbo wake (source code) uko wazi kwa leseni ya GPL, yaani yeyote anaruhusiwa kuuangalia na kuubadilisha. Mimi naipenda Skyrocket kuliko zote kwa hiyo ndo nitakayoelezea, ukiiweza hii zingine utazifanya hivohivo.

Kitu cha kwanza nataka kikae kichwani kabla hujagusa chochote: skrinseva ni programu. Faili lake linaishia na .scr lakini ndani ni programu kamili kama zile za .exe, ukiifungua inaweza kufanya lolote ambalo programu nyingine inaweza, ndo maana inaweza kukuchorea fataki nzuri vile na ndo maana pia wahuni wa virusi wanazipenda sana skrinseva. Niliwahi kudaunlodi skrinseva ya samaki kwenye tovuti moja ya "free screensavers", samaki nilipata kweli, lakini brauza ikabadilika ukurasa wa kwanza, matangazo yakaanza kuruka kila kona, nikaishia kupiga Windows upya kwenye ile mashine siku nzima wateja wanarudi. Kwa hiyo chukua kwa mwenyewe, reallyslick.com, usichukue kwenye tovuti iliyoikusanya pamoja na skrinseva zingine elfu moja. Ukishalidaunlodi faili, kabla ya kulifungua lipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, ni bure na inalipitisha kwenye antivairasi nyingi kwa mpigo, dakika moja tu umemaliza.

Na hapohapo fanya hiki hata kama skrinseva yenyewe hutaki. Windows huwa inaficha herufi za mwisho za majina ya mafaili, mtu anakutumia kitu kinaitwa picha.jpg.scr, wewe unaona picha.jpg tu, unabonyeza ukijua ni picha ya harusi kumbe umefungua programu. Ingia File Explorer, nenda View, kwenye Windows 11 itabidi upitie Show kwanza, weka tiki kwenye "File name extensions". Flashi za wateja zinazoingia kwenye mashine zangu nimeshakuta vitu vya hivi mara nyingi mno, hii tiki niliiweka kwenye kompyuta zote tano na siitoi.

Haya, kuinstoli. Ukikuta imekuja na instola ya kawaida fuata Next mpaka mwisho. Ukikuta ni zipu (faili lililobanwa, linaishia na .zip), ianzipu kwanza, ndani utaona Skyrocket.scr. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, kwenye Windows 11 chagua "Show more options" kwanza, utaona maneno matatu, Test, Configure na Install. Test inakuonyesha palepale bila kuweka chochote, anza na hiyo uone kama kompyuta yako inaiweza. Kama Windows itakurushia lile boksi la bluu la "Windows protected your PC" inamaanisha tu kwamba haimfahamu mtengenezaji, kama faili umelitoa kwa mwenyewe na VirusTotal imelipitisha bonyeza More info kisha Run anyway.

Sasa wengi wanabonyeza Install wakiwa bado kwenye folda ya Downloads, inafanya kazi vizuri tu, wiki ijayo wanasafisha Downloads na fataki zinapotea. Sababu ni kwamba ile Install hailihamishi faili, inaiambia tu Windows kwamba skrinseva iko pale. Njia ya uhakika ni kulikopi Skyrocket.scr ukalipesti kwenye C:\Windows\System32, itakuomba ruhusa ya administrator unakubali, basi kuanzia hapo itakuwa inaonekana kwenye orodha ya skrinseva daima.

Kufungua orodha yenyewe, Windows wameificha siku hizi. Njia ninayotumia mimi ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kile kiboksi kikitokea andika control desk.cpl,,@screensaver afu Enter, mikato miwili na hiyo alama uziandike hivohivo. Au kwenye Start andika screen saver uchague "Change screen saver". Litafunguka dirisha dogo lenye picha ya monita juu, chini yake orodha, chagua Skyrocket. Pembeni kuna Settings na Preview. Chini kuna Wait, hizo ni dakika za kusubiri bila mtu kugusa mausi wala kibodi. Mimi nimeweka 3 kwa ile ya pembeni na 5 kwa zingine, ukiweka 1 utajuta maana mtu anasoma ukurasa tu kidogo fataki zinamlipukia usoni.

Pembeni ya Wait kuna kitiki cha "On resume, display logon screen". Hiki ukikiweka, mtu akigusa mausi fataki zinaondoka na kompyuta inataka paswedi badala ya kurudi kwenye kazi moja kwa moja. Ofisini kiweke. Kwangu nilikiweka kwenye mashine ya kaunta baada ya siku moja kutoka nje kidogo tu, kurudi nakuta mtu anasoma CV ya mteja mwingine iliyokuwa wazi, namba ya simu, umri, kila kitu, na yule mwenye CV kakaa palepale kwenye benchi. Niliona aibu sana. Sasa hivi mashine ya kaunta ina hicho kitiki, na nikinyanyuka nabonyeza Windows na L ifunge palepale bila kusubiri hata hizo dakika.

Tuje kwenye Settings ya Skyrocket yenyewe, utamu uko hapa. Utakuta idadi ya juu ya roketi zinazoweza kuwa angani kwa pamoja, muda ambao moshi wa roketi unadumu, muda ambao moshi wa milipuko unadumu, kasi ya upepo, wingi wa nyota, mwezi, mawingu, mwanga wa milipuko kuangazia moshi na mawingu, na sauti. Kama kompyuta yako ina kadi ya grafiki ya maana acha kila kitu kilivyo, imeshapangwa vizuri. Lakini wengi wetu tuna hizi mashine za mtumba, Core i3 ya zamani, grafiki ileile iliyo kwenye prosesa, hapo ukiacha kila kitu juu utaona picha inakwama kwama na feni inaanza kulia. Cha kwanza kupunguza ni moshi, sio roketi. Watu wanakimbilia kupunguza roketi, anga linabaki tupu, halafu bado inakwama, kwa sababu kinachochosha mashine ni yale mawingu madogo madogo ya moshi ambayo kila moja inabidi lichorwe na lipakwe rangi kila mara. Shusha moshi wa milipuko mpaka karibu na mwisho, ule wa roketi uache kidogo maana bila huo roketi inaonekana kama kitone tu kinapanda. Kama bado, ondoa ule mwanga wa kuangazia moshi na mawingu, roho inauma kidogo kwa sababu ndo kitu kizuri kuliko vyote lakini utaona tofauti palepale. Afu kuna sehemu ya kuweka kikomo cha fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde, weka 30, jicho halitalalamika na feni itatulia.

Upepo usiuzidishe, ukiwa mkali moshi unakimbia kabla hujauona.

Sauti sasa. Skyrocket ina sauti za roketi kupaa na mshindo wa kupasuka, na jamaa alifanya kitu ambacho nilikaa muda ndo nikakigundua, mlipuko wa mbali unauona kwanza halafu mshindo unafika baadaye kidogo, vilevile kama radi inavyomulika ndo ngurumo ifuate. Nyumbani usiku ukizima taa ni raha isiyo na kifani. Dukani nimeishusha mpaka sifuri, usiisahau hiyo, maana kompyuta yenye spika ikianza kupiga mabomu yenyewe saa nne asubuhi wakati bibi wa watu anahesabu hela zake ni taharuki.

Malalamiko ninayokutana nayo kila nikimuwekea mtu ni kwamba skrinseva haitokei. Mara nyingi ni umeme wa monita, yaani Windows imeambiwa izime skrini baada ya dakika 5 na wewe skrinseva umeiwekea dakika 10, skrini inazimika kabla fataki hazijafika zamu yake. Ingia Settings, System, kisha Power, angalia skrini inazimwa baada ya dakika ngapi, hizo lazima ziwe nyingi kuliko za Wait. Kama hapo pako sawa, angalia mausi, mausi ya mwanga ikikaa juu ya meza ya kioo au meza inayong'aa huwa inatikisika yenyewe bila mtu kuigusa, Windows inadhani uko kazini, iwekee hata kipande cha karatasi chini. Na kama sio mausi basi kuna programu inaizuia, kawaida video iliyo wazi kwenye brauza. Fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /requests, chini ya neno DISPLAY utaona jina la mhusika.

Ikitokea lakini inaenda kama slaidi, picha moja moja, usiilaumu skrinseva. Fungua Device Manager, angalia Display adapters, kama imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter ina maana dreva ya grafiki (programu inayoiwezesha Windows kuitumia grafiki yako) haijawekwa na prosesa ndo inachora kila kitu peke yake. Hizi mashine za mtumba zikishapigwa Windows upya fundi huwa anaishia hapo. Weka dreva ya Intel au ya kadi yako, utadhani umenunua kompyuta nyingine.

Kuna watu wanaambiana kwamba skrinseva inatunza kioo na kupunguza umeme, hili nalisikia mpaka kwa mafundi. Zamani ilikuwa kweli kwa kioo, zile monita za kisogo kirefu picha ikikaa sehemu moja muda mrefu ilikuwa inajichora kwenye kioo moja kwa moja, mwaka 1983 John Socha akaandika kaprogramu kanaitwa SCRNSAVE cha kuzima skrini ya IBM PC ikikaa bila kuguswa, jina la skrinseva limetokea enzi hizo. Monita bapa za LCD hazina ugonjwa huo. Na kwa umeme ni kinyume kabisa, monita inabaki imewaka na grafiki inafanya kazi kuliko hata ukiandika barua. Kwa hiyo kama unanunua umeme kwa LUKU kama mimi, panga hivi: fataki zianze dakika ya 3, skrini izimike yenyewe dakika ya 15. Mteja anaona fataki, na saa ya mchana ambayo hakuna mtu monita zinalala.

Ukitaka kuzirusha muda wowote bila kusubiri dakika, tengeneza shotikati kwenye desktopu, kwenye sehemu ya target andika C:\Windows\System32\Skyrocket.scr /s, ukiibonyeza mara mbili fataki zinaanza. Ile ya pembeni kwangu ninayo, watoto wakitoka tuisheni jioni wanapita kuniomba niwashe, nawawashia wanakaa mlangoni na mabegi mgongoni wanabishana inayofuata itakuwa rangi gani.

Kuitoa ukiichoka, rudi kwenye lile dirisha uchague None, kisha ufute Skyrocket.scr kule System32. Angalia jina vizuri kabla ya kufuta, lile folda lina mafaili ambayo Windows haiwezi kuwaka bila hayo.