Siku nne za kiangazi Ulaya: mji upi uchague na uanzie wapi kuchagua

Kila ikikaribia mwezi wa sita naulizwa swali lilelile, na ndugu wanaoishi huku na wale wanaotoka nyumbani kuja kusalimia watoto wao: nina siku nne au tano, niende mji gani? Na wengi wanakuja na orodha tayari, Paris, Roma, Barcelona, Amsterdam, yani wanataka yote kwa mkupuo. Jamani, chagua mmoja. Siku nne za kwenye karatasi sio siku nne za kweli, ya kwanza inaliwa na safari na ya mwisho unaamka unawaza begi na muda wa ndege, zinabaki mbili na kidogo, sasa ukipachika mji wa pili humo katikati utaishia kuona stesheni na mapokezi ya hoteli.

Kwa hiyo mimi naanza na saa, kabla hata ya bei. Hesabu mlango kwa mlango, toka unapofunga nyumba mpaka unapoweka begi kwenye hoteli. Tiketi ya ndege ya euro 20 inavutia sana ila soma vizuri jina la uwanja, maana kuna viwanja vinauzwa kwa jina la mji mkubwa na haviko huko: Beauvais ni kilomita kama 80 toka Paris, Hahn ni kama 120 toka Frankfurt, Memmingen ni zaidi ya 100 toka Munich, na Skavsta iko kama 100 toka Stockholm. Nauli ya basi kwenda na kurudi inaweza kuipita tiketi yenyewe, na saa zako hazirudi. Linganisha na Lisbon, metro inaanzia hapohapo uwanjani, au Copenhagen ambako metro inakufikisha katikati ya mji kwa kama robo saa, au Geneva ambako treni inachukua dakika saba hivi, au Tallinn ambako uwanja uko kilomita nne hivi toka mji mkongwe na tramu inapita. Kwa safari ya wiki mbili hayo hayana uzito, kwa siku nne ndo kila kitu.

Na kama unaishi huku usiidharau treni. London mpaka Paris ni saa mbili na robo, Brussels mpaka Paris ni chini ya saa moja na nusu, na treni inakushusha katikati ya mji, hamna kupimiwa mzigo, hamna kufika saa mbili kabla.

Ukishapata miji mitatu minne inayofikika kirahisi, ndo uje kwenye joto. Hapa watu wa Dar na Mombasa wananibishia sana, "joto gani, mimi nimezaliwa nalo". Sawa, lakini nyumbani nani anatembea kwa miguu kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi juani kwa hiari yake? Utalii wa miji hii ni miguu, mawe chini, kuta za mawe pande zote, na nyumba nyingi za zamani za kupangisha hazina AC, usiku chumba kinabaki na joto la mchana. Seville mwezi wa saba wastani wa mchana ni kama nyuzi 36 na siku mbaya inapita 40. Athens imefika mahali serikali inafunga Acropolis, yale magofu ya kale ya kilimani, saa za mchana joto likizidi, ilitokea Julai 2023 na ikatokea tena miaka iliyofuata, sasa wewe una siku mbili tu na moja wamekufungia geti. Roma nayo mwezi wa nane ni kali, na kuanzia siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, ile sikukuu yao ya Ferragosto, wenyewe wanakimbilia baharini na maduka mengi na migahawa ya kifamilia inafungwa. Miji hiyo mitatu naipenda sana, ndo maana nasema nenda mwanzoni mwa mwezi wa sita au subiri wa tisa uifaidi. Kama likizo ya shule haikupi uchaguzi, basi hakikisha chumba kina AC iliyoandikwa wazi, toka saa moja asubuhi, mchana lala, jioni toka tena.

Julai na Agosti mimi napeleka watu kaskazini au kwenye pwani ya Atlantiki. Copenhagen wastani wa mchana ni nyuzi 22 au 23, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku kwa hiyo siku yako moja inakuwa kama moja na nusu, na pale Islands Brygge watu wanaogelea bandarini katikati ya mji bure kabisa, maji ni masafi. Kwa Waislamu mjue mapema, Maghrib inakuwa usiku na Isha inasogea mpaka karibu na saa sita au zaidi, kwa hiyo pangeni ratiba ya kulala na kuamka mkijua hilo. Ubaya wa Copenhagen ni bei ya chakula, kukaa mgahawani kila mlo kutakumaliza, nunua supamaketi ukale bustanini kama wanavyofanya wenyeji. Edinburgh nayo ni baridi tamu lakini Agosti ina matamasha yake makubwa, vyumba vinapanda bei vibaya mno na vinaisha, na ile ni Uingereza, viza nyingine kabisa.

Sasa jambo la tatu ambalo watu wanalisahau: unaenda kuona nini wewe? Picha za intaneti zinafanya kila mtu atake mnara uleule. Mimi nadhani kwa safari fupi unahitaji kitu kimoja ambacho ukikiona moyo wako unasema hapa nimefika, mengine yatajipanga kukizunguka. Na kwa mtu wa kwetu kuna miji miwili naitaja kila mara.

Wa kwanza ni Lisbon. Hali ya hewa Agosti ni kama nyuzi 28, upepo wa bahari upo, ukitaka ufukwe unapanda treni Cais do Sodré mpaka Cascais kwa dakika kama 40. Lakini kinachonifanya nimpeleke mtu wa Pwani kule ni Belém, mtaa wa mji huohuo. Panda tramu namba 15 ushuke kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa 1501, uingie kanisani, hapo mlangoni tu utakuta kaburi la Vasco da Gama, huyuhuyu aliyefika Malindi 1498. Halafu rudi njiani uende makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, ukaulize Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha dhahabu, kirefu, kimechongwa vitu vidogovidogo mpaka sura za mitume waliopiga magoti, kilimalizwa 1506 na sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel, na dhahabu yake ni ile ya kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa mwaka 1502. Dhahabu ya Kilwa, imesimama kwenye kabati la kioo. Mtu aliyewahi kukanyaga Kilwa Kisiwani akasimama pale, hana haja ya kuambiwa na mtu kwa nini alikuja Lisbon. Angalia tu siku, maana makumbusho mengi kule hufungwa Jumatatu, na vaa viatu vyenye soli inayoshika, vile vijiwe vyao vya njiani vinateleza na mji ni vilima vitupu, kama una mzazi mwenye magoti mabovu fikiria mara mbili.

Wa pili ni Berlin. Tambarare, siku ndefu, maziwa ya kuogelea yanafikika kwa treni za mjini, Wannsee likiwemo, na malazi kwa kawaida ni nafuu kuliko Paris au Copenhagen. Pale makumbusho ya elimu ya viumbe, kituo cha treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, kinaitwa Naturkundemuseum kabisa, kuna mifupa ya dinosaria aliyesimama mita 13.27, ametoka Tendaguru, Lindi, wakati wa utawala wa Mjerumani. Walichimba 1909 mpaka 1913, na wapagazi wetu wakabeba mizigo ya mifupa kwa miguu porini mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Nenda na watoto. Simama chini yake uangalie juu, halafu waeleze hao wapagazi walikuwa kina nani.

Kama bajeti imebana, Kraków na Budapest bado zinakupa mengi kwa hela kidogo, ila Budapest nayo inachemka Julai. Na kama unataka mji ambao nyama halali haitafutwi na adhana inasikika, Sarajevo: msikiti wa Gazi Husrev-beg wa karne ya 16, soko la Baščaršija, na milima pembeni. Bosnia, nchi ya Sarajevo, haimo kwenye Schengen, yani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ukitokea Schengen na utarudi huko, viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hilo la viza ndo linaamua kwa wengi wetu. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen anazunguka nchi zingine za Schengen bila viza nyingine, mpaka siku 90 ndani ya 180. Mwenye kibali cha Uingereza na paspoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, wengi wanashtukia hili tiketi ishalipwa. Ukitokea nyumbani unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla na mwisho siku 15 kabla, ada ya mtu mzima ni euro 90 na bima iwe ya angalau euro 30,000. Ila hizo siku 15 usizitegemee kiangazi, miadi inajaa mapema, kwa safari ya Julai anza mwezi wa pili au wa tatu, na kama nchi ya mji wako wa kwanza haina miadi na ya mji wako wa pili inayo, basi mji umeshajichagua.

Ikibaki miwili na huwezi kuamua, fungua tovuti ya kile kitu kimoja unachokitaka kila mji, uone kama tarehe zako zina tiketi. Nyumba ya Anne Frank pale Amsterdam, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa Wanazi, tiketi wanauza mtandaoni tu, wanazitoa Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele, na zinaisha. Penye tiketi ya siku yako, ndo pa kwenda, nunua hiyo kwanza kama viza ipo, ndo ufuate chumba na ndege.