Ukitaka SUV ndogo iliyotumika hapa Malindi, anza kuitazama chini

Watu wakienda kutazama gari hukimbilia boneti. Mimi nakwambia lala chini kwanza. Injini za hizi RAV4, X-Trail, CR-V na Forester tunazoletewa kutoka Japani ni ngumu, na ikiharibika kabisa utapata nyingine Mombasa. Lakini chuma cha chini kikishaliwa na chumvi, hakuna fundi atakayekurudishia. Mimi ni muuza samaki. Nawapelekea watu wa hoteli za Watamu kwa X-Trail yangu ya T31 (namba ya kizazi chake; T32 ndiyo iliyofuata), na nyumbani kwangu ni Shella ya hapa Malindi. Kusi ikivuma, asubuhi unaweza kuandika jina lako kwa kidole kwenye chumvi ya kioo.

Chukua kadibodi ya kulalia, tochi na bisibisi. Kuna boriti la chuma linaloshika mikono ya magurudumu ya nyuma: hilo ndilo la kulitazama mwanzo. Ligonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza hakilii, na magamba yatakumwagikia usoni. Kutu nyekundu ya juujuu isikutishe, ni ile inayobanduka tabaka kwa tabaka ndiyo ya kuogopa. Kutoka hapo fuata mabomba ya breki kwa tochi mpaka mwisho wake, kisha sehemu springi zinapokalia. Ukikuta chini kote kumepulizwa rangi nyeusi mpya, bado inanuka, muulize mwenyewe kwa nini ameipaka wiki ya kuuza. Asipokuwa na jibu la maana, mshukuru uondoke.

Halafu fungua buti, inua zulia, toa tairi la spea. Shimo lile linasema ukweli wote. Mchanga, alama ya maji yaliyosimama, kutu kwenye viungo vya mabati: ama gari liliingia maji, au lilibeba samaki bila kinga. Barafu ya samaki ikiyeyuka inatoka na chumvi, inapenya chini ya zulia na kukaa humo miezi huku juu pananukia marashi. Mimi nimeweka beseni pana la plastiki lenye kingo ndefu, tena hata hivyo zulia nalianika kila wiki.

Ukiagiza moja kwa moja Japani, omba karatasi ya mnada, ile ya wakaguzi wa huko inayoeleza hali ya gari. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Daraja la R maana yake liligongwa likatengenezwa. Na uliza gari lilitumika mkoa gani, kwa sababu kaskazini kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari la huko linaweza kuwa limeoza kwa chini zaidi kuliko letu la pwani, na kilomita ni chache.

Shemeji yangu aliniletea gari moja akiwa na furaha: "Shemeji, hili ni KDA, bado bichi." Nikamwambia, "Shemeji yangu, KDA ni siku lilipoandikishwa Kenya, si siku lilipozaliwa." Namba za gari zinazoanza na KDA zilianza kutoka 2020, na kwa kuwa sheria yetu inaruhusu gari la mpaka miaka 8, la 2013 lilikuwa bado linaingia. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye logibuku. Tairi nazo zina tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee sana. Tazama pedali ya breki na usukani vilivyolika, ulinganishe na idadi unayoambiwa.

Sasa lipi? Kwa safari fupi fupi za mjini na Watamu, naikataa Mazda CX-5 ya dizeli waziwazi. Chujio lake la moshi linahitaji mwendo mrefu wa kasi ili lichome masizi. Ukizunguka sokoni na kurudi linaziba, na kulitengeneza ni ghali. CX-5 ya petroli ni gari zuri. Toyota Vanguard na RAV4 za injini ya lita 2.4 zina sifa ya kula oili, basi chomoa kijiti cha oili, na umwombe mtu asimame nyuma wakati wa kuwasha atazame kama moshi ni wa buluu. Forester za zamani zenye injini ya EJ zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Zilizofuata, zenye injini ya FB, zina cheni.

X-Trail T31 udhaifu wake ni gia ya CVT, ile isiyo na hatua. Ikipata joto sana inajilinda, gari linakosa nguvu. Kwa hivyo usilijaribu saa moja asubuhi kuzunguka mtaa tu. Lijaribu saa saba mchana, eisi ikiwa imewashwa, muende mpaka Gede na kurudi, kisha uliingize kwenye vichochoro vya mjini polepole. Likitetemeka ukiondoka, au likivuma bila kuongeza mwendo, liache. Ukilinunua, oili yake ya gia ni NS-2. T32 inatumia NS-3. Usikubali fundi akutilie oili yoyote ya otomatiki aliyonayo.

Karatasi zisikuchoshe ila zisirukwe: tafuta namba ya gari kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone mmiliki ni nani na kama kuna mkopeshaji ameandikwa humo, linganisha namba ya chasisi kwa macho yako, na pesa zipitie benki. Uhamisho anauanzisha muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako.

Ukishakuwa nalo, kazi kubwa ni maji. Visima vingi vya karibu na bahari ni vya maji ya chumvi, na vijana wa kuosha magari huyatumia hayo hayo. Onja kwa ncha ya ulimi kabla hawajaanza. Yakiwa na chumvi, unalipa kuharibiwa gari. Osha chini kwa maji ya mfereji yatokayo Baricho, au ya mvua uliyokinga. Wala usiruhusu maji ya kisima yaingie kwenye rejeta, yanakula alumini kwa ndani. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Vichwa vya betri vipake grisi kabla havijaota ukijani.

Na wanaokwenda Amu (Lamu) wakaliacha gari Mokowe, kwenye gati la bara: ligeuzieni bahari mgongo, rejeta isipigwe na upepo wa chumvi, na msilifunike kwa nailoni kwa sababu unyevu unabaki ndani. Mkirudi mtakuta diski za breki zimeshika kutu. Endeni taratibu mwanzo, mkikanyaga breki kidogo kidogo mpaka mkwaruzo uishe, ndipo mshike njia ya Witu.