Ligeuze kwanza: kuchagua na kutunza zulia la mkono kutoka India

Kila Januari uani kwangu Majengo, hapa Moshi, hapana pa kukanyaga. Watu wamekuja nyumbani Krismasi, wamekula, wamekunywa, wamerudi Dar, na mazulia waliyoyakanyaga yanaletwa kwangu yakiwa na mchuzi, mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) na udongo mwekundu wa shambani. Kazi hii ya kuosha mazulia nina miaka ishirini na kitu nayo. Mazulia mengi ni ya kiwandani na hayana maneno. Yanayonifanya nivute kigoda nikae ni yale ya India yaliyofumwa kwa mkono, maana hapo ndipo watu wanapopigwa wakinunua, na hapo ndipo kitu cha thamani kinapouawa kwa ndoo moja ya maji ya moto.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na zulia la futi 5 kwa 8, kalinunua Arusha kwa mtu aliyekuwa anahama.

"Fundi, hili la mkono kabisa. La Kashmir, mwenyewe kaniambia."

Nikamwambia shika pembe hiyo, tuligeuze. Mgongoni kulikuwa na kitambaa cha kijivu kimegandishwa. Nikakwangua ukingoni kwa ukucha, ukadondoka unga mweupe. Dada akanyamaza.

Basi na wewe anzia hapo. Muuzaji atakutandikia upande wa juu, wewe uliza mgongo. Ukikuta kitambaa kilichobandikwa, ujue nyuzi zimepigwa kwenye turubai kwa mashine ya kushika mkononi, inafanana na drili, kisha zikashikizwa kwa gundi ya mpira. Akisema limetengenezwa kwa mkono hajadanganya sana, kwani mashine ile imeshikwa na mkono wa mtu. Ila halijafumwa. Gundi ikizeeka inakuwa unga na zulia linanyonyoka kama kuku mgonjwa. Linunue ukilipenda, lakini usilipe bei ya lililofumwa.

La mafundo halina cha kuficha. Ua lililoko juu utaliona mgongoni vilevile, rangi kwa rangi, na kila kitone ni fundo moja lililofungwa na vidole. Hayako sawa kama ya mashine. Mstari unapanda kidogo, unashuka kidogo. Matamvua nayo yatazame: kwenye zulia la kweli ni ncha za mtande wenyewe, zile nyuzi zilizotandwa kabla ufumaji haujaanza. Yakiwa yameshonewa kama lesi ya pazia, shtuka. Mazulia mengi ya mafundo ya India yanatoka Bhadohi na Mirzapur, jimbo la Uttar Pradesh. Jina la zulia la Bhadohi linalindwa kisheria India tangu 2010. Ufundi wenyewe ulishika mizizi India karne ya 16, mfalme Akbar alipowaweka wafumaji wa Kiajemi kwenye karakana zake. Kashmir, kaskazini kabisa, wana mtindo wao unaonishangaza mpaka leo: mfumaji hatazami picha. Kuna karatasi ya alama wanayoiita talim, mmoja anaisoma kwa sauti, rangi gani na mafundo mangapi, wenzake wanafunga.

Ukitaka kujua wingi wa mafundo, weka rula mgongoni, hesabu inchi moja kwenda kando na inchi moja kwenda juu, zidisha. Tisa kwa tisa ni 81. Wauzaji wanapenda kukutisha na hesabu hii. Mafundo mengi yanaleta maua madogo yaliyonyooka, lakini zulia la mafundo machache lenye sufu nene litahimili watoto wako na baiskeli yao bila kulalamika.

Halafu kuna lile jembamba, bapa, lisilo na manyoya, ambalo ndilo ningekushauri kwa nyumba nyingi za huku. Wenyewe wanaliita dari. Mama yangu alifanya kazi kwenye nyumba ya Singasinga hapa mjini, na siku ya kwanza bibi mwenye nyumba alipomwambia atoe dari nje alikung'ute, mama aliinua macho juu akatafuta ngazi. Kumbe ni zulia. Bibi yule alikuja nalo kutoka kwao Punjab, ambako wasichana walikuwa wakifuma dari zao wenyewe za kuolewa nazo. Ni la pamba mara nyingi, mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza mtande, umekandamizwa kwa uma wa chuma uitwao panja, mpaka ukaficha mtande wote. Pande zote mbili ni sawa: upande mmoja ukichafuka mgeni akiwa getini, unageuza. Nondo hawali pamba, na mtu mmoja analibeba begani.

Kuhusu uzi, usiamini mdomo. Omba unyuzi mmoja kutoka kwenye tamvua na mwingine kutoka kwenye manyoya, ubanie kwa kibanio, uwashe kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba inanuka karatasi. Nailoni na ndugu zake zinayeyuka na kuacha shanga ngumu. Angalia sana kitu kinachong'aa kinachouzwa kama hariri: hariri ya kweli nayo inanuka nywele, ile ya bandia inaungua kama karatasi, na ikilowa inapoteza nguvu nyingi. Mwenye duka akikataa usichome hata unyuzi mmoja, msalimie uende.

Ukipata lenye lebo ya GoodWeave mgongoni, ina namba. Mpango huo ulianza 1994 kwa jina la RugMark ili kuwatoa watoto kwenye vitanda vya ufumaji, na mmoja wa waanzilishi wake, Kailash Satyarthi, alipata Nobel ya Amani 2014. Mimi mwenye wajukuu huwa naitafuta.

Sasa kuosha. Hapa nina deni la kukiri. Nikiwa bado kijana, mwalimu mmoja mstaafu aliniletea dari ya mistari myekundu na myeupe. Nikaimwagia maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa nguvu zote nionekane mchapakazi. Jioni myeupe ilikuwa ya waridi. Alilitazama muda mrefu. "Mwanangu, nilikupa zulia, umenirudishia kitenge." Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo kabla ya yote chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikandamize juu ya kila rangi, nyekundu na buluu hasa, ukihesabu hadi sitini. Kikitoka na rangi, zulia linachuja. Usiliingize majini, mpe anayejua. Kikitoka safi, toa vumbi. Vumbi letu la huku ni kali, likizama kwenye shina la manyoya linakata uzi kila mtu anapokanyaga. Lilaze kifudifudi kwenye majani, lipige mgongoni kwa fimbo pana, linyanyue, sogea, piga tena. Utashangaa kitakachobaki chini. Usiruke hatua hii, vumbi likikutana na maji unakuwa umetengeneza tope ndani ya zulia.

Maji yawe ya baridi. Sabuni iwe ya maji, laini, ile unayoweza kumuoshea mtoto nywele, kifuniko kimoja kwa ndoo. Sabuni ya unga inaumiza sufu, na jiki usiisogeze hata karibu. Pitisha burashi laini kufuata manyoya yanakolala, suuza mpaka maji yatoke meupe, sukuma maji kwa ubapa wa mpira kuelekea matamvua. Kisha lilaze juu ya chaga za kitanda kivulini ili upepo upite chini, na uligeuze kila baada ya saa chache. Dari inaweza kulala juu ya kamba mbili. La mafundo likilowa ni zito mno, ukilitundika linavutika na kupinda. Na usioshe wakati wa masika, wala Juni na Julai mlima unapojifunika wiki nzima. Pamba ya ndani ikikaa na maji siku tatu inaoza, na harufu hiyo haitoki.

Mbege ikimwagika, kwanza kokota ulezi kwa kijiko, kisha kandamiza kitambaa cheupe, kisha maji baridi yenye siki kidogo, kandamiza tena. Kahawa vivyo hivyo. Usisugue.

Kutandika ni kazi ndogo. Miguu ya mbele ya makochi ikanyage zulia, lisielee katikati ya sebule kama leso. Kwenye marumaru weka mpira wa matundu chini lisije likamwangusha bibi. Ligeuze mwelekeo kila miezi sita ili jua la dirishani lisile upande mmoja.

Ukilihifadhi, liwe kavu kabisa, lizungushe kama mkeka, usilikunje, ulifunge kwa shuka la pamba. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu. Sufu iwekee majani makavu ya mwarobaini, lakini usiyategemee peke yake: kila baada ya miezi miwili lifungue nje juani, ulikung'ute. Nondo anapenda giza na utulivu.

Yule dada wa Arusha nilimtolea vumbi tu na kumfutia juu juu, majini sikuliingiza. Amelitandika chumba cha wageni. Nasikia bado anawaambia ni la Kashmir. Mimi simo.