Kupitisha mdomo wa tangi kwenye boneti ya Porsche 911 ya zamani

Porsche 911 ya zamani hubeba tangi la petroli mbele, na mdomo wake wa kawaida uko kwenye madigadi ya kushoto. Kwenye 911R ya 1967, gari la mashindano, mdomo ulitokeza kwenye boneti ili mafuta yaingie tangini moja kwa moja. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni pembe ya mdomo, na pembe hiyo huamuliwa kabla boneti haijaguswa.

Bawaba za boneti ziko upande wa kioo, kwa hiyo boneti ikifunguliwa, tundu lililokatwa ili kupitisha mdomo hupanda kwa tao. Chukua boneti iliyoinamia mbele nyuzi 15 na mdomo uliosimama wima: tundu likipanda milimita 50, litakuwa limesogea mbele milimita 13 hivi, na ukingo wake wa nyuma utagonga mdomo. Dawa ni kuulaza mdomo mbele mpaka ufanye pembe mraba (nyuzi 90) na mstari unaotoka kwenye pini ya bawaba hadi katikati ya tundu. Ikiwa umbali huo ni sentimita 50, mkengeuko unabaki milimita 2 au 3 tu. Huo huelekea nyuma, basi acha nafasi zaidi mbele ya mdomo.

Tumia tangi jipya lenye shingo ya katikati, au shingo ya alumini inayofungwa kwa bolti na gasketi isiyoliwa na petroli. Usichomelee kamwe tangi lililowahi kuwa na petroli, hata likioshwa: mvuke uliojificha kwenye maungio hulipuka. Kabla ya kulifunga, lijaze maji hadi mdomoni, liache usiku kucha juu ya magazeti makavu, kisha likaushe kabisa.

Sasa alama. Ziba shingo kwa kipande cha mbao chenye skrubu iliyochongoka katikati, ipake chaki, shusha boneti taratibu. Ikiwa alama imeangukia ubavu wa ndani wa boneti, yaani bati la chini linaloiimarisha, hamisha shingo. Ukikata ubavu, boneti itatetemeka na kupasuka. Toboa kwa drili ya milimita 3 kutoka chini. Kipenyo cha tundu hupimwa kwa kitu kipana kuliko vyote kinachopita hapo, yaani kola ya kifuniko: kola ya milimita 100 inahitaji tundu la 112, ukiongeza unene wa mpira wa ukingoni. Anza na tundu dogo, jaribu kufunga, kisha panua kwa tupa. Bati hili ni jembamba na msumeno wa duara hulikamata na kulipinda, kwa hiyo libane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi. Ukingo mtupu upakwe praima siku hiyohiyo.

Kati ya shingo na boneti weka kola ya mpira yenye bomba la kumwaga nje, chini ya gari. Bila hiyo, petroli inayomwagika huingia kwenye buti ya mbele, karibu na nyaya za umeme, na mvuke wake huvutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo hadi ndani ya gari.

Bomba la kupumulia liwe na valvu inayojifunga gari likipinduka. Likiwa jembamba mno, hewa hukosa njia na petroli hurudi usoni mwa anayejaza. Shingo iliyounganishwa kwa mpira haina erthi, yaani njia ya kuondoa umeme tuli. Ifungie waya hadi kwenye bodi na upime kwa mita: isizidi omu 1.

Mdomo wa zamani wa madigadi uzibwe kwa bati, na kishina chake kwenye tangi kifungwe. Ukiachwa kama pambo, siku moja mhudumu wa kituo atamimina petroli humo, nayo itamwagikia ndani ya madigadi.